Serikali, wafanyabiashara na jumuiya za wananchi Zanzibar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa katika mikutano ya shehia (eneo la utawala la ngazi ya chini kabisa hapa Zanzibar), vikao vya kamati za skuli na mazungumzo ya barazani baada ya sala ya alasiri, mengi yao hapa Pemba, ambako mimi ninayeyajibu nimefanya kazi na jumuiya za wananchi kwa miaka mingi. Majibu ni marefu pale ambapo jambo lina mizizi mirefu, na ni mafupi pale ambapo maneno machache yanatosha.

Tukisema ushirikiano wa maendeleo, tunawazungumzia akina nani?

Tunazungumzia pande tatu. Upande wa kwanza ni Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar pamoja na vyombo vyake, kuanzia wizara na Tume ya Mipango hadi mkoa, wilaya, baraza la mji na sheha, yaani kiongozi wa shehia. Upande wa pili ni sekta binafsi, ambayo watu wengi wakiisikia huona hoteli kubwa za Nungwi na Kiwengwa peke yake, ilhali mama anayechoma mikate ya ufuta, fundi seremala wa Wete na nahodha mwenye mashua moja nao ni sekta binafsi, tena ndio wengi. Upande wa tatu ni asasi za kiraia: jumuiya zilizosajiliwa, kamati za wavuvi, vyama vya wafanyakazi, taasisi za dini, jumuiya za wanawake, za vijana na za watu wenye ulemavu.

Katika visiwa vidogo kama vyetu pande hizi hazikai mbalimbali. Namjua mtu ambaye asubuhi ni mwalimu wa skuli ya Serikali, jioni yuko dukani kwake, na Ijumaa ni katibu wa kamati ya maji ya kijiji. Hali hiyo ni baraka, kwa sababu taarifa husafiri haraka, lakini pia ni hatari, kwa sababu mtu mmoja anaweza kujikuta anaomba, anatoa na anakagua jambo lile lile. Kwa hiyo swali la kwanza katika kikao chochote liwe: leo wewe umekaa hapa kwa kofia ipi?

Kwa nini Serikali isifanye yenyewe, maana kodi inakusanya?

Mengi inayafanya yenyewe, na mengine lazima iendelee kuyafanya yenyewe. Elimu bila malipo ilitangazwa hapa tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache tu baada ya Mapinduzi, na hakuna mfanyabiashara wala jumuiya iliyoweza kubeba mzigo ule. Mahakama, usalama, chanjo na skuli ni wajibu wa Serikali, na mimi ni miongoni mwa wale wasiokubali neno ushirikiano litumike kuuhamishia wajibu huo kwa wazazi wasio na uwezo.

Hata hivyo mahitaji yanakua kwa kasi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar, na ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu 586,000 katika miaka kumi, na kila mmoja wao anahitaji maji, darasa, kituo cha afya na baadaye ajira. Serikali ina mamlaka, sheria na kodi. Mfanyabiashara ana mtaji na anajua soko linataka nini. Wananchi wanajua mahali penyewe, yaani wapi maji hutuama masika, nani mwenye shamba, njia ipi watoto huipita, na tena wao ndio watakaobaki baada ya kila mtu kuondoka. Mradi ukikosa kimojawapo kati ya hivyo, kilichokosekana huja kikadai haki yake baadaye, kwa gharama kubwa zaidi.

Je, jambo hili limeletwa na wafadhili?

Hapana. Visiwa hivi vimejaa misikiti, visima na nyumba za wakfu zilizowekwa na watu binafsi kwa manufaa ya wote, na hadi leo iko taasisi ya Serikali, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, inayosimamia mali hizo. Mtu mwenye mali anatoa, jamii inafaidika, Serikali inalinda amana: huo ni ushirikiano wa pande tatu uliokuwapo kabla hatujaupa jina. Hali kadhalika kikoa cha majirani, yaani kusaidiana kwa zamu, na madarasa mengi ya Unguja na Pemba ambayo wanakijiji waliyaanza kwa nguvu zao, wakabeba mawe na kusomba mchanga hadi jengo likafika kwenye linta, kisha Serikali ikaja na bati na madirisha.

Mfano wa karibu zaidi ni skuli za maandalizi za madrasa. Mpango huo, unaofadhiliwa na Taasisi ya Aga Khan, ulianza Mombasa miaka ya 1980 na ukafika Zanzibar mwaka 1990. Wananchi walitoa chumba na kuunda kamati, wanawake wa kijiji hicho hicho wakafundishwa ualimu, na watoto wakasoma Qur-ani pamoja na kuhesabu na kucheza kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa vifuu, kokwa na maboksi. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilipoiingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya msingi, Serikali haikuanza kwenye jangwa, kwa kuwa vijijini tayari walikuwapo walimu na wazazi waliojua faida yake.

Nitajieni mfano mmoja ambao kweli umefanikiwa.

Nitataja mitatu, kwa kuwa kila mmoja unafundisha jambo lake.

Wa kwanza ni Chumbe, kisiwa kidogo kusini ya Mji wa Zanzibar chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni binafsi iliiomba Serikali ruhusa ya kukihifadhi kisiwa hicho pamoja na miamba yake ya matumbawe, na mwaka 1994 Serikali ikakitangaza rasmi kuwa hifadhi. Waliokuwa wavuvi wa vijiji vya karibu waliajiriwa na kufunzwa kuwa walinzi wa hifadhi, wageni wachache wanaolala pale ndio wanaogharamia kazi yote, na wanafunzi wa skuli zetu hupelekwa kuogelea juu ya matumbawe na kuyaona kwa macho yao. Nimewahi kukaa na mwanafunzi wa kike aliyerudi kutoka huko. Alikuwa amezaliwa hatua mia mbili kutoka baharini, na siku ile ndiyo mara yake ya kwanza kutia uso wake majini akafungua macho. Walinzi wale hawana bunduki. Wanapomkuta mvuvi ndani ya mpaka huzungumza naye, kwa sababu ni mtu wa kwao.

Wa pili ni Misali, upande wa magharibi wa Pemba. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alipofika pale aliomba msala wa kusalia, na alipoambiwa haupo, akasema kisiwa chenyewe ni kama msala ulioelekea kibla. Miaka ya 1990 palipokuwa na mpango wa kukikodisha kisiwa kwa ajili ya hoteli, wavuvi walipinga, maana ndipo wanapoweka dago, yaani kambi yao ya uvuvi, na ndipo wanapopatia riziki. Mwaka 1998 kisiwa kikawa eneo la hifadhi, na katika kulisimamia wavuvi wenyewe, kupitia jumuiya yao, walikaa mezani na Serikali na mashirika ya uhifadhi. Mafunzo ya mazingira yalipitia kwa maimamu na walimu wa madrasa, kwa hoja kwamba bahari ni amana na kwamba ubadhirifu umekatazwa. Mvuvi ambaye hakusikiliza semina ya afisa alisikiliza khutuba ya Ijumaa. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo kubwa la Misali: serikali na shirika walikubali kuzungumza kwa lugha ya wale wanaotakiwa kubadilika.

Wa tatu ni mwani, nao una uchungu ndani yake. Utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulifungua njia, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza pwani ya mashariki ya Unguja, katika vijiji kama Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Makampuni yalileta kamba na kununua mavuno; wanawake, ambao ndio wengi wa wakulima, walileta migongo yao. Ukitaka kuielewa kazi hii nenda wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, maji yakipwa, ukamtazame mama aliyeinama ndani ya maji ya magotini, anafunga vishada vya mwani kimoja kimoja kwenye kamba iliyokazwa baina ya vigingi viwili, jua limempiga kisogoni na chumvi imemkausha vidole. Akimaliza anabeba gunia lililolowa hadi ufukweni, anaanika, anageuza, anaomba mvua isinyeshe. Kisha anauza kwa bei iliyopangwa mbali na yeye, kwa mnunuzi ambaye mara nyingi ndiye aliyempa kamba, na hivyo hana uhuru wa kumtafuta mwingine.

Hapo kampuni ilikuwapo na mkulima alikuwapo, lakini meza ya kuwakutanisha haikuwapo. Mwaka 2006 ndipo ulipoanzishwa mpango uliowaweka pamoja wakulima, wafanyabiashara, maofisa wa Serikali na watafiti, akiwemo Dkt. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari. Wanawake wakajifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni na bidhaa nyingine, na watafiti wakaanza kushughulikia tatizo la kufa kwa mwani aina ya kotoni, ambao una bei nzuri zaidi lakini hauvumilii maji yanayozidi kupata joto. Bado wakulima wengi huuza mwani mkavu tu, kwa hiyo sitasema kazi imekwisha. Nasema kwamba sasa mkulima anajua thamani inaishia wapi, na mtu anayejua hilo haongei na mnunuzi kama zamani.

Kuna tofauti gani kati ya kuarifiwa na kushirikishwa?

Kama ningeruhusiwa kubakisha swali moja katika ukurasa huu, ningebakisha hili.

Katika kijiji kimoja cha pwani, ambacho sitakitaja, lilijengwa soko la samaki. Lilikuwa jengo zuri, lenye vigae vyeupe, meza za zege na bomba la maji. Tuliitwa siku ya mkutano, mchoro ukabandikwa ukutani, tukaelezwa litagharimu nini na litakwisha lini, tukapiga makofi na kusaini karatasi ya mahudhurio. Lilipofunguliwa, wavuvi waliendelea kunadi samaki wao mchangani kama kawaida. Waliochora walikuja kulitazama eneo wakati wa maji kujaa, wakaona mashua ziko hatua chache kutoka walipoweka alama. Maji yakipwa, diko, yaani mahali mashua zinaposhusha samaki, liko mbali sana na pale, na hakuna mvuvi atakayebeba tenga la samaki juani umbali wote ule wakati wachuuzi wamemzunguka pale pale aliposhukia. Mzee yeyote wa kijiji angeliwaambia hivyo kwa dakika tano, lakini hakuna aliyeulizwa, na karatasi tuliyosaini ilipelekwa juu kama ushahidi kwamba tumeshirikishwa.

Kuarifiwa ni kuelezwa uamuzi ambao umeshapita. Kushirikishwa ni kuulizwa wakati uamuzi bado unaweza kubadilika, kupewa muda wa kwenda kuwauliza wale wasioweza kufika mkutanoni, na kurudishiwa jawabu, ikiwa maoni yenu yamekubaliwa au yamekataliwa na kwa sababu gani. Njia nyepesi ya kupima ni kuuliza: kuna kitu gani katika mradi huu ambacho tukisema leo kinaweza kubadilika? Ukijibiwa kwamba hakuna, basi huo ni mkutano wa taarifa, na uandikwe hivyo kwenye muhtasari.

Mikutano ya juu je, wananchi wanaingia?

Wafanyabiashara wana Jumuiya ya Wafanyabiashara na lipo Baraza la Biashara Zanzibar, ambalo huwakutanisha na Serikali chini ya uenyekiti wa Rais wa Zanzibar. Jumuiya za kiraia zina miavuli yao, ANGOZA kwa Zanzibar nzima na PACSO kwa Pemba. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na bajeti hujadiliwa katika Baraza la Wawakilishi kabla ya hapo. Kwa hiyo jumuiya inayopeleka maoni yake mwezi wa Juni imechelewa. Mambo hupangwa miezi mingi nyuma, na ndipo mwakilishi wenu na diwani wenu wanapopaswa kutafutwa.

Ubia baina ya Serikali na sekta binafsi ni sawa na kuuza mali ya umma?

Si sawa, ingawa wasiwasi huo hautoki hewani. Katika ubia, mwekezaji hujenga au huendesha huduma kwa muda uliowekwa, naye hurudisha fedha zake kutokana na huduma hiyo, huku mali ikibaki au ikirejea kwa umma. Mambo ya kuyatazama ni machache: mkataba ni wa miaka mingapi, nani anapanga bei ya huduma, na hasara ikitokea nani anaibeba. Mkataba unaompa mshirika mmoja faida na kumwachia Serikali hasara haustahili kuitwa ubia, na walipa kodi ndio watakaouona ubaya wake, pengine baada ya waliosaini kustaafu.

Mwekezaji amekuja katika shehia yetu. Tumuulize nini?

Kwanza mpokeeni kwa heshima. Si kila anayekuja ni adui, na kijana aliyepata kazi hatasahau aliyemfungulia mlango. Pili, fahamuni kwamba kwa sheria zetu ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma iliyowekwa chini ya dhamana ya Rais, na wananchi wana haki za matumizi juu yake, zikiwemo zile eka tatu tatu ambazo familia nyingi zilipewa baada ya Mapinduzi. Kwa hiyo mazungumzo ya ardhi hayawezi kumalizika baina ya mgeni na mtu mmoja kijijini anayejiita mwenyeji wake, hata akiwa na ulimi wa asali kiasi gani.

Kisha muulizeni kuhusu njia ya kwenda pwani, kwa maneno hayo hayo. Nimeona vijiji vilivyokubaliana na mwekezaji juu ya kisima, msikiti na ajira, vikasahau njia, na mwaka uliofuata wakulima wa mwani wakawa wanazunguka ukuta na gunia kichwani. Njia hiyo iandikwe kwenye ramani, ipimwe upana, itajwe ni ya watu na ya gari la ng'ombe au ya watu tu. Muulizeni pia maji atayatoa wapi, kwa sababu hoteli yenye bwawa na bustani na kijiji chenye visima vya kamba huenda vinanywa maji ya chini ya ardhi yale yale, na chumvi ikishaingia kisimani haitoki kwa barua. Takataka atazipeleka wapi. Mboga, mayai na samaki atanunua kwa nani, na vijana wetu wafundishwe nini kuanzia sasa ili siku ya kufungua wasiishie kufagia tu. Ahadi ya ajira isiyokuwa na idadi, aina ya kazi na tarehe si ahadi ya kuandikwa.

Afisa wa mamlaka ya uwekezaji au wa wilaya awepo mnapozungumza. Kuwepo kwake kunamlinda mwekezaji dhidi ya madai yasiyoisha na kunawalinda wananchi dhidi ya maneno matupu.

Jumuiya yetu haijasajiliwa. Je, inaweza kushirikiana na Serikali?

Inaweza kushiriki katika mikutano na kazi za kijiji, lakini haitaweza kupokea ruzuku, kufungua akaunti kwa jina lake wala kuingia mkataba. Msingi wa usajili hapa kwetu uliwekwa na Sheria ya Jumuiya Na. 6 ya 1995, na ofisi ya kuiendea ni ya Mrajis wa Jumuiya. Taratibu za Tanzania Bara ni nyingine, msije mkajaza fomu za huko. Andaeni katiba ya jumuiya iliyoandikwa kwa Kiswahili ambacho wanachama wote wanakifahamu. Katiba nyingi nilizoziona zimenakiliwa kutoka jumuiya nyingine, kiasi kwamba wanachama hawajui hata mwenyekiti wao anachaguliwa kila baada ya miaka mingapi, na ugomvi wa kwanza ukitokea hakuna pa kurejea.

Jumuiya ikikosoa Serikali, si imegeuka kuwa ya siasa?

Hapana, iwapo inakosoa kwa ushahidi na kwa jambo lililo ndani ya kazi yake. Wasaidizi wa sheria wanaomsaidia mwanamke aliyenyimwa mirathi, au jumuiya inayofuatilia kesi za udhalilishaji wa watoto, wakisema kesi inachelewa, wanaisaidia Serikali kuijua kasoro ambayo ripoti za ofisini huenda hazikuionesha. Kinachoiharibu jumuiya ni pale viongozi wake wanapoitumia kupandia jukwaani wakati wa uchaguzi.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Tumepita katika miaka ambayo majirani hawakuzikana na wateja walichagua duka kwa rangi ya bendera ya chama. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliyoridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yaani vyama vinavyoshindana kuongoza pamoja, ilipita kwa zaidi ya asilimia 66, na wengi wetu tuliokuwapo tunakumbuka jinsi kamati za maji na za skuli zilivyoanza tena kukaa kwenye jamvi moja. Kamati ya kijiji haiwezi kukarabati kisima ikiwa nusu ya wajumbe hawasalimiani.

Mfadhili akiondoka, mradi hubaki na nani?

Jawabu liandikwe kabla hajafika. Katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Micheweni tulipata kisima cha kuchimbwa, pampu ya umeme na tangi kubwa juu ya mnara. Palikuwa na kamati ya watu 11, lakini hapakuwa na aliyekubaliwa kulipa umeme, na ufunguo wa kibanda cha pampu ulikaa kwa mtu mmoja aliyekuwa akisafiri mara kwa mara. Baada ya mwaka na kidogo pampu iliungua. Wanawake walirudi kwenye kisima cha zamani na ndoo zao, na tangi likabaki juu pale, tupu, watoto wakilipiga mawe kusikia mlio.

Lilifufuliwa baada ya miezi mingi kwa makubaliano ambayo hayakuhitaji mfadhili mpya. Kila nyumba ilikubali mchango mdogo wa mwezi, isipokuwa nyumba saba za wajane na wazee ambazo mkutano wenyewe ulizitaja na kuzisamehe. Mwenye duka la vifaa mjini alikubali kutukopesha vipuri na kulipwa baada ya mavuno ya karafuu. Fundi wa Serikali alikuja siku mbili, akawafundisha vijana wawili, mmoja wao msichana, namna ya kukagua pampu na kuzima umeme unapocheza. Mapato na matumizi hubandikwa mlangoni mwa msikiti na kwenye ukuta wa duka. Mwezi ambao karatasi ilichelewa kubandikwa, bibi mmoja alikuja kwa katibu na kumuuliza, "Mwanangu, karatasi yetu iko wapi?" Hakujua kusoma, lakini alijua inapaswa kuwepo.

Kwa nini Pemba inaonekana kubaki nyuma, na ushirikiano unaweza kubadilisha nini?

Sababu ni nyingi, na baadhi ni za kihistoria. Umeme wa uhakika wa kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari ulifika Pemba mwaka 2010. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli, na hakuna mwenye kiwanda anayependa kuwekeza gizani. Wageni wengi hushukia Unguja na kubaki huko. Mizigo hupanda meli mara mbili kabla ya kufika rafuni.

Lakini Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu na ya mwani wa Zanzibar, na karafuu inatoa funzo lililo wazi. Mnunuzi halali ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Kwa miaka mingi bei ilipokuwa duni, karafuu zilivushwa usiku kwenda Kenya, na doria hazikutosha kuzuia. Serikali ilipopandisha sana bei ya mkulima mwaka 2011, magendo yalipungua, kwa sababu mkulima hakuwa tena na sababu ya kuhatarisha mashua yake. Kilichobaki ni thamani kuongezwa hapa hapa, mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) yakikamuliwa, mwani ukisagwa, na vijana wakipata kazi bila ya kupanda boti kwenda Unguja. Kiwanda cha mwani cha Chamanangwe kimewekwa kwa matumaini hayo. Kitafanikiwa kwa kadiri wakulima watakavyosikilizwa juu ya bei na mashine zitakavyopata mwani bora mwaka mzima.

Watu wenye ulemavu wanaingia wapi?

Mwanzoni, kwenye mchoro. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar upo tangu 1985, kwa hiyo hakuna mradi unaoweza kusema haukujua wa kumuuliza. Njia ya kupandia kigari ikiwekwa wakati wa kumwaga zege haina gharama kubwa. Kuvunja ngazi baadaye kunagharimu, na kwa kawaida hakufanyiki.

Tukishuku rushwa?

Pelekeni taarifa ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi, mkiwa na karatasi, tarehe na kiasi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hujadiliwa hadharani na zinafaa kusomwa. Tena jumuiya zenyewe zikaguliwe: anayedai hesabu za mkandarasi awe tayari kufungua daftari lake.

Mimi ni mwananchi wa kawaida. Nianzie wapi?

Anzia kwa sheha, katika mkutano ulio karibu, na jambo moja tu. Watu wengi huja na mambo kumi, yanaandikwa yote na halifanyiki hata moja. Chagua lile linalowagusa wengi na ambalo mnaweza kulichangia kitu, iwe mchanga, nguvu au fedha, kisha uliza upande wa Serikali nani anahusika na upande wa wafanyabiashara nani anaweza kuombwa. Mwenye lori la kubebea mawe akiombwa safari mbili hukubali. Akiombwa "msaada" hushindwa kujua atoe nini.

Kabla ya kutoka hakikisheni yameandikwa majina ya watu watatu watakaofuatilia na siku watakayoleta majibu. Muhtasari ukishasainiwa muupige picha kwa simu pale pale, kwa sababu madaftari ya shehia hulowa masika, na makubaliano mengi mazuri ya kisiwa hiki yamefutika kwa njia hiyo.